Kalamu Nyekundu

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu makalio.
Usicheke. Ghorofa ya nne, Burbank, dirisha
likitazama maegesho na mtende mmoja wenye kiu,
nilisoma kila ukurasa kabla taifa halijauona,
mkononi kalamu nyekundu niliyoinunua kwa pesa yangu.

Matiti: yatajwe mara moja kwa kipindi.
Kukojoa: ruhusa, kama anayekojoa ni mbwa.
Kitanda chaweza kulia, lakini kisizidishe mara tatu.
Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya saa mbili usiku,
saa ambayo watoto bado hawajapiga mswaki.

Gil Abramovitz na waandishi wake walinijua.
Walipanda mizaha mitatu ya kunuka
wakijua nitaing'oa,
ili wa nne upite nyuma yake
kama mtoto mwembamba asiyekatiwa tiketi.
Tulipatana bei kama watu wa mnadani:
chukua chupi mbili, nirudishie kasisi na ngazi.
"Mficha uchi hazai," Gil akanitupia,
au maneno yenye maana hiyo.
Nikamjibu: mzaha mzaha, hutumbuka usaha.
Tukanywa kahawa. Tukachukiana kwa heshima.

Lakini nikisema kweli, uchi haukunisumbua.
Nilisumbuliwa na uvivu.
Kifua cha yule mhudumu wa mkahawa, juma hadi juma,
kila mteja akija na mzaha wake, na kicheko cha mkebeni
kikimwagwa juu yake kama mchuzi uliolala.
Marisela, aliyeigiza mhudumu huyo, alipanda siku moja hadi ofisini,
aproni kiunoni, vipodozi nusu uso.
"Mama," akasema, "usikate uchafu.
Nipe na mimi wangu. Msimu wa pili huu,
sijapewa hata mstari mmoja wa kuwajibu."

Fomu yangu ilikuwa na safu kumi na moja.
Hilo halikuwa na safu.

Kisha ikaja ile ya mjane na fundi bomba.
Mjane amesimama jikoni, gauni la maua,
fundi yuko chini ya sinki, inaonekana miguu tu,
na mjane anasema, polepole,
ni miaka mingi hakuna aliyemfungulia…
Nikakata neno.
Nikaacha kimya mahali pake, sekunde mbili,
mjane akitazama bisibisi.
Nikajiona nimelisafisha taifa.

Milwaukee wao hukiona kipindi mapema,
saa moja yao; kwetu jua lilikuwa bado juu ya magari.
Simu ikalia. Mama yangu.
Anacheka mpaka anakohoa, anakohoa mpaka naogopa.
"Doreen, umekata nini pale?"
"Sijakata kitu, mama."
"Muongo. Baba yako alikuwa fundi bomba.
Unadhani tulionana wapi?"

Miaka arobaini na mitatu, na sikuwahi kuuliza.

Akalitaja neno lenyewe, kwa Kipolandi,
refu, la mafuta, lenye herufi nyingi za kukwaruza,
neno ambalo kalamu yangu isingepata wino wa kulifuta.
Akacheka tena. Kisha akanyamaza,
na kimya chake kilizidi sekunde mbili.

Nikasikia mkono mwingine unachukua simu.
Kazimierz, mtoto wa dada yangu, miaka saba,
aliyekuwa muda wote zuliani na bakuli lake,
yule hasa ambaye kwa ajili yake
nililipwa mshahara, bima, na nafasi ya kuegesha gari.

"Shangazi, kwa nini bibi analia na anacheka?"

Nilitafuta jibu la saa mbili usiku.
Sikulipata.
"Mwulize mwenyewe," nikasema.
"Nimeshamwuliza," akasema,
na akalitamka lile neno sikioni mwangu,
bila kukosea hata herufi,
kwa unyenyekevu, kama aliyefundishwa sala.